Wale Wasiohitaji Visa

Jumanne moja ya Februari 2006, kabla ya mapambazuko, gari la kanisa lilitoka Vickery Meadow, Dallas, kwenda Houston. Vital Mugisho alikuwa kwenye usukani. Nyuma yake waliketi waimbaji watatu waliohitaji visa ya Honduras: Mama Clothilde, Placide na Christian. Vital hakuhitaji. Ndivyo walivyoamini.

Kwaya yao ya Wakongo ilikuwa imealikwa na kanisa moja la La Ceiba, kwenye pwani ya Honduras. Mchungaji alimpa Vital kazi ya kukusanya maelezo ya safari, kwa sababu alikuwa mpiga gitaa wao na, kwa imani ya wote, raia wa Marekani. Aliifanya vizuri. Aliwasomea kwamba mvua za pwani ile huendelea mpaka Januari, kwa hiyo ni afadhali kwenda Aprili. Dawa ya malaria ianzwe kabla ya kuondoka. Maji ya bomba wasiyanywe. Dola zibadilishwe kuwa lempira benki, si barabarani. Mwenye pasipoti ya Marekani haombi visa. Mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi sharti apite kwenye ubalozi mdogo wa Houston. Hapakuwa na kosa katika maelezo yale. Ila Vital naye alikuwa na hati ya mkimbizi, na asubuhi hiyo ilikuwa ndani ya koti lake.

Alikuwa ameshindwa mtihani wa uraia mara mbili. Siku ya mara ya pili alirudi nyumbani na suti yake, akakuta mkewe, Rosette, amekwisha kupika mbuzi, na jamaa wamekuja hata kutoka Haltom City. Walimpigia vigelegele kabla hajafunga mlango wa gari. Hakudanganya kwa neno lolote. Walimwita citoyen, yaani raia, akaitika. Miezi iliyofuata aliitika kwa wepesi zaidi.

"Citoyen, polepole," Placide alisema walipopita Corsicana. "Polisi wakitusimamisha, weye utarudi nyumbani. Sisi tutarudi kwetu Uvira."

"Ninyi watu wa visa mna woga," Vital alijibu. "Nitawaacha kwenye foleni, niende kunywa kahawa."

"Utatungoja," alisema Mama Clothilde. "Si ulikula kiapo cha kutumikia taifa? Taifa ndilo sisi."

Walicheka. Vital alicheka pia, na mguu wake ukapunguza mwendo.

Ubalozini, mwanamke wa dirishani alipokea hati za wale watatu, akawaambia warudi alasiri. Walivuka barabara kwenda kula. Vital alisema hana njaa, atalinda gari. Walipoingia mkahawani, alirudi dirishani na hati yake. Alikuwa amepanga kuja kuichukua mapema, wenzake wakiwa bado wamekaa mezani.

Mpango huo ulikuwa na dosari moja. Barua ya mwaliko kutoka La Ceiba ilikuwa moja tu, na jina lake lilikuwamo. Mwanamke wa dirishani aliweka hati zote nne pamoja. Vital alipomwendea mapema, alimwambia kundi lote litajibiwa kwa wakati mmoja, kisha akamwonyesha kiti.

Alasiri lilitajwa jina la kwanza katika barua, la Mama Clothilde. Alikwenda dirishani akarudi na hati nne mkononi. Alifungua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofungua ya nne alisimama.

"Papa Vital," alisema, "huyu mtu anafanana na weye sana."

Placide alichungulia begani mwake, akaanza kucheka. Kisha akasoma jina. Christian aliangalia viatu vyake. Vital alinyoosha mkono. Mama Clothilde hakuiachia hati mara moja.

"Weye si citoyen?"

"Hapana."

"Na ile mbuzi tuliyokula?"

"Ilikuwa imekwisha kuiva."

Alimpa hati yake. Visa ilikuwamo, imepigwa muhuri.

Katika gari, Mama Clothilde aliketi mbele, kando ya dereva.

"Rosette anajua?" aliuliza walipofika Huntsville.

"Anajua tangu usiku ule."

"Kwa hiyo mlikuwa wawili, sisi wote tukicheza." Aliangalia barabara. "Na asubuhi hii ulituita watu wa visa."

"Nilisema."

"Kosa lako si mtihani. Hata miye niliushindwa. Wote wanajua, na wananiombea. Weye ulitunyima kukuombea, kisha ukatucheka." Aligeuka kumtazama. "Utasema kanisani weye mwenyewe, ao niseme miye?"

"Mama Clothilde, ningoje turudi kutoka Honduras."

"Huko utatuongoza kama nani?"

"Nitasema Jumapili," alisema Vital.

Jumapili, baada ya matangazo, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Vital aliweka gitaa sakafuni, akaenda mbele, akapokea kipaza sauti.

"Ndugu zangu, miye si raia wa Marekani. Nilishindwa mtihani mara mbili, nikawaacha mnishangilie."

Kando yake alisimama Kethia, binti wa Mama Clothilde, ambaye kila Jumapili hutafsiri ibada kwa ajili ya watoto. Alimtazama mama yake. Kisha akayarudia maneno yale kwa Kiingereza.