Gari Jekundu la Hollis

Ottrina aliegesha gari mbele ya ofisi ya bima pale Princes Town, akashusha pumzi. Bima ilikuwa inaisha kesho. Na kesho hiyo hiyo asubuhi mama yake, Ma Eutrice, alikuwa na zamu ya mashine ya figo hospitalini, mji wa San Fernando. Bila gari, mama hafiki.

Hadi juzi gari lilikuwa jekundu. Marehemu mumewe, Hollis, ndiye aliyelichagua. Lakini Ramkissoon, mume wa dada yake, fundi wa rangi, alimganda wiki nzima.

"Shemeji, watu wa bima wanaogopa nyekundu. Wanakuona mtu wa mashindano. Lipake nyeupe, watakuona mama wa kanisani, wapunguze bei."

Akalipaka palepale chini ya nyumba yake iliyoinuliwa kwa nguzo, kwa ujira wa sufuria la kalalu, mchuzi mzito wa majani, na kaa.

Sasa karani, binti mmoja wa akina Persad, alitoka nje na karatasi za gari alizopewa na Ottrina, akatazama huku na huku.

"Mama, gari liko wapi?"

"Si hilo mbele yako?"

"Karatasi inasema jekundu."

"Nimelibadilisha, mwanangu. Ili bima ishuke."

Binti alifumba macho kidogo. "Nani kakudanganya? Bei tunaangalia gari ni la mwaka gani, injini yake, na nani anaendesha. Rangi haimo."

"Kama haimo, niandikie basi."

"Kwenye bei haimo, mama. Kwenye karatasi imo. Nitajuaje ni gari lile lile? Kesho alfajiri lipeleke kwa wakaguzi wa magari walikague, wakubadilishie karatasi, urudi kabla hatujafunga."

Ottrina hakubishana. Alikuwa amechoka hata kukasirika. Alimwomba Mungu amfunge mdomo, kisha akampigia Ramkissoon.

"Kesho saa kumi na mbili utampeleka mama San Fernando."

"Kesho? Shemeji, kesho nina kazi ya—"

"Kazi yako kesho ni mama. Mimi nitakuwa kwenye foleni ya rangi yako. Na gari lako wewe, Ramkissoon, ni rangi gani?"



"Jekundu," alisema. "Nitakuja, shemeji."

Ottrina alifungua mlango wa gari. Ndani ya fremu, pale Ramkissoon alipoona uvivu kufika, palibaki mstari wa nyekundu ya Hollis. Akaufuta vumbi kwa kitambaa chake cha kichwa, polepole, akaingia, akaenda kumwambia mama nani atampeleka.