Upana wa Kidole

Mtaani walimwita Povu, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Kweli alikuwa mkata sabuni kiwandani, lakini na mdomo pia alijaliwa. Akianza kusimulia, hata chai inapoa. Basi ajabu ya mambo, mtu huyo ndiye aliyepewa siri ya kutunza.

Mafuta ya kutengenezea sabuni yalikuwa yamepanda bei mpaka meneja akawa anatembea ameshika kiuno. Siku moja akawaita wakataji. "Tukipandisha bei, wateja watatukimbia," akasema. "Bei ibaki ile ile, karatasi ile ile. Sogezeni nyaya za kukatia, upana wa kidole. Na atakayefungua mdomo nje ya geti, asirudi." Povu akazisogeza kwa mikono yake mwenyewe. Miche mirefu ya sabuni ikapita, vipande vikatoka vyembamba, na roho ikamuuma kidogo, ikaacha. Angefanya nini? Kodi ya chumba ilikuwa inamsubiri, na mkono mtupu haulambwi.

Mkewe alikuwa akifua nguo kwa Mama Mapacha, mtaa wa pili, mwanamke anayejiweza, mwenye macho makali. Kila siku ya kufua, Mama Mapacha alimpa kipande cha sabuni mkononi, tena kimeshatolewa kwenye karatasi. Zamani kipande kilimaliza fungu zima la nguo, kikabaki na cha kuoshea beseni. Sasa kiliisha mashuka yakiwa bado, ikabidi aombe kingine.

"Baba watoto," mkewe akamuuliza jioni moja, akijipaka mafuta kwenye vidole vilivyochubuka, "sabuni zenu siku hizi zina nini? Zinaisha kama zimelogwa."

"Labda unasugua sana," Povu akasema, akainama kufungua kamba za viatu alivyokwisha kuvivua.

Maskini ya Mungu, mkewe akaamini. Akaanza kupaka sabuni kwa kubania, nguo zikabaki na madoa, akaambulia maneno ya Mama Mapacha.

Halafu siku moja akaingia ndani. Akakaa kitandani, mkoba wake mapajani. Mama Mapacha alikuwa amemsimamisha mlangoni, mbele ya majirani, akaupekua mkoba huo akitafuta sabuni. Hakukuta kitu ila kitana na shati la mtoto la kushona, wala hakuomba radhi.

"Amesema hajui naificha wapi, ila naiba tu," mkewe akasema, na machozi yakamtoka. "Mimi, baba watoto! Miaka yote hii hata kijiko cha mtu sijachukua."

Povu akainuka. Kazi na iende ilikotoka! Akamshika mkewe mkono, wakatoka.

Mama Mapacha aliwafungulia amekunja uso. "Mmeniletea sabuni zangu?"

"Mke wangu si mwizi," Povu akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema machache. "Sabuni imepunguzwa kiwandani. Naikata mimi."

Mama Mapacha akaguna. Akaingia stoo, akachakura chini ya maboksi, akatoka na kipande cha zamani na kipya. Akaviweka pamoja kiganjani, akavitazama mbele na nyuma.

"Loo! Kumbe nimeibiwa kweli," akasema, "ila mwizi si huyu." Akamkumbatia mfuaji wake, akamwomba radhi kwa sauti, ili majirani wasikie hilo nalo kama walivyosikia yale matusi. Kisha akaapa kuwa jina la Povu halitatoka mdomoni mwake. Povu akashusha pumzi, hata akacheka.

Mkewe hakucheka. Walitembea mpaka karibu na nyumbani, ndipo akasimama.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

Povu, mwenye maneno ya kugawia mtaa mzima, akainama kukaza kamba za viatu zilizokwisha kukazwa.

"Yule mama alinishuku kwa sababu hakujua," mkewe akasema. "Wewe ulijua, ukaniacha nijishuku mwenyewe."