Mashine ya Kukimbia Bila Kwenda

Mji wa Kigali wote ni milima. Ukitoka kwenda kununua chumvi unapanda, ukirudi unashuka, na magoti yako yanajua. Sasa niambie, ni mtu wa akili gani anayekaa Niboye, kwenye mteremko wa kumtoa mbuzi jasho, halafu ananunua mashine ya umeme ya kukimbilia chumbani? Ni Mutabazi, ofisa mzima mwenye tai, mume wa Winifred. Na wala hakuinunua ili akimbie. Aliinunua kwa sababu kuna Mzungu alikuwa anahama.

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Lipo kundi la WhatsApp ambamo wageni wa mashirika, mikataba yao ikiisha, hutangaza vyombo vyao kabla ya kupanda ndege. Sheria ya kundi ni moja tu: anayewahi kuandika "mimi wa kwanza" ndiye mwenye mali. Awe kikaoni, awe msalani, awe kanisani mahubiri yakiwa yamepamba moto, simu ya Mutabazi ikitikisika tu, yeye ni wa kwanza. Hakuuliza kitu ni cha nini. Alichotaka ni kuwatangulia wenzake, basi.

Chumba cha wageni kikajaa mpaka mlango ukawa unafunguka nusu. Humo mlikuwa na hema la kulala porini, mali ya mtu ambaye akisikia mbu mmoja anaamsha nyumba nzima. Mlikuwa na mtumbwi wa plastiki ambao maji pekee uliyowahi kuyaona ni ya paa linalovuja. Mashine ya kuoka mkate, haijanusa unga. Viatu vya kutelezea kwenye theluji, tena vya miguu ya kike. Na hiyo mashine ya kukimbilia, imeegemezwa ukutani, nailoni yake haijawahi kuvuliwa. Lakini ikifika Jumamosi ya umuganda, mtaa mzima umetoka kuzibua mitaro, bwana mwenye mali zote hizo anazunguka kwa majirani kuazima jembe. Winifred alikuwa akiona aibu hadi anajifanya anaumwa kichwa.

Aibu angeimeza. Kilichomnyima raha ni Mukasine, mama mzazi wa Mutabazi, aliyekuwa akiishi peke yake Batsinda, upande wa pili wa mji. Wakati wa mvua nyingi mama huyo aliteleza bombani, akalala kwenye matope na ndoo yake mpaka jirani alipopita. Hakuvunjika, ila tangu siku hiyo alitembea kwa kushika ukuta. Daktari alisema bila kuzunguka kwamba mama asiishi tena peke yake. Nyumba ya mwanawe ipo, chumba kipo. Nafasi ya kuweka kitanda ndiyo haikuwepo.

"Baba Kirezi, toa vitu vyako mama aje," Winifred alikuwa akimwambia mumewe.

"Wikiendi hii," Mutabazi alikuwa akijibu, macho yako kwenye simu.

Wikiendi zikaja, zikaenda. Na lilikuwepo jambo jingine, gumu kuliko chumba. Mukasine alikuwa amekataa katakata kuchukuliwa na mtu mwingine. Alishika adabu za zamani, alizotoka nazo Rwanda akaenda nazo Karagwe, alikowalea watoto wake wakati wa ukimbizi. Mama mzee hahamii kwa mwanawe kwa kutumiwa gari. Mtoto anakuja mwenyewe, anaketi, anapewa cha kunywa, anasema, "Mama, twende nyumbani." Hapo ndipo mama anainuka. Bila hivyo, umehamisha mzigo.

"Wewe ni binti yangu, Winifred," alimwambia mkwewe. "Lakini sikukuzaa wewe. Aje yule niliyemzaa."

Yule aliyezaliwa hakuwa na muda. Batsinda ni mbali, alisema. Njiani kuna foleni. Ofisini kuna wakaguzi. Mwanamume mwenye gari lake, mshahara wake na miguu yake miwili alishindwa kuuvuka mji mmoja kwenda kumwambia mama yake maneno matatu.

Asubuhi moja Winifred akasema liwalo na liwe. Aliomba ruhusa kazini, akamsubiri mumewe aondoke, akakodi pikapu ya Eddie, mtu anayehamishia watu vyombo vyao. Walipakia takataka zote hizo, kuanzia mtumbwi hadi viatu vya theluji, wakazishusha uani kwa Mukasine ili ziuzwe huko. Angeziuzia Niboye, Mutabazi angepata habari kabla mnunuzi hajabisha hodi. Chumba kikiwa kitupu, alijiambia, tutaona atatoa kisingizio gani.

Shallon, mdogo wake Winifred, anayejua kuuza hata kisichouzika, alikuja kusaidia. Aliivua nailoni mashine ya kukimbilia, akaipangusa, akaipiga picha juani. Kisha, bila kumwuliza dada yake, akaitangaza kwenye lile kundi la wageni kwa namba yake mpya, ambayo Mutabazi hakuwa nayo: familia inahama, kila kitu kiondoke leo.

Mukasine alikuwa amekaa mlangoni akiwatazama.

"Hiki ni kitu gani?"

"Ni mashine ya kukimbia, Mama," Winifred alijibu.

"Inakwenda wapi?"

"Haiendi."

"Na aliye juu yake?"

"Naye haendi."

Bibi huyo alimkazia macho mkwewe kuona kama anataniwa. Alipoona hataniwi, akavuta ungo wake wa maharage, akaanza kuchambua.

Hata chai haijapoa, simu ya Shallon ikalia. Shallon akaisoma, akaziba mdomo kwa kiganja, akampa dada yake. Jina lilikuwa la Mutabazi. "Mimi wa kwanza. Mashine ya kukimbilia ni yangu, nakuja kuichukua sasa hivi."

Winifred aliusoma ujumbe mara mbili. Alidhani mumewe ameitambua mali yake na anakuja kuwasha moto. Lakini ujumbe mwingine ukaingia: "Ninayo nyingine nyumbani, ila hii yako ni nzuri zaidi."

"Dada, shemeji haijui mali yake," Shallon alisema.

"Ataijuaje? Hajaiona sura."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Shallon akamwandikia kwamba vitu viko Batsinda, karibu na duka la Twizeyimana. Jibu lilirudi upesi. "Hapo napajua vizuri. Tafadhali tukutane palepale dukani, nisiingie huko ndani. Kuna watu wangu, wakiniona watanichelewesha."

Winifred aliacha kucheka. Watu wake. Mtu wake alikuwa pale mlangoni, anachambua maharage kwenye ungo, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Winifred alikasirika, akaichukua simu na kuandika yeye mwenyewe: "Mashine ni nzito. Fika dukani, utaonyeshwa."

Hata hivyo, ukweli usemwe, palepale kwenye hasira hiyo matumaini yalimwingia. Akija, akamwona mama yake kwa macho, huenda ataketi. Huenda atayasema yale maneno. Na kama atayasema, nani atajali alikuja kwa njia gani?

"Mama," alisema, "Mutabazi yuko njiani."

Hakusema anajia nini. Mukasine naye hakuuliza. Aliweka ungo chini, akashika ukuta hadi chumbani, akarudi amejifunga kitenge kizuri, fundo la nguo mkononi. Fundo hilo alikuwa amelifunga tangu alipotoka kwa daktari, akaliweka chini ya kitanda, akasubiri. Alimtuma Shallon akalete Fanta ya baridi.

Na yule ambaye Batsinda ilikuwa mbali kwake alifika Fanta ikiwa bado ina ubaridi. Foleni haikumzuia, wala wakaguzi. Twizeyimana mwenye duka alimwongoza uchochoroni kwa Kiswahili chake cha Kigali.

"Mzee, mashine iko hapa. Iko kwa mama yako."

Mutabazi aliingia langoni taratibu. Aliuona mtumbwi. Akaliona hema, akaviona viatu, akaiona mashine iliyopanguswa, na mkewe amesimama pembeni yake amekunja mikono. Kabla mkewe hajafungua mdomo, mama yake alishamwahi.

"Umekuja," Mukasine alisema, uso wote umemng'aa. "Niliwaambia utakuja."

"Nimekuja, Mama."

Aliketi, akapewa Fanta, akaimeza bila kujua anameza nini. Winifred alikuwa akimsukuma kwa macho: sema, bwana, sema. Mutabazi alimtazama mkewe, akalitazama lile fundo la nguo, akaiweka chupa chini.

"Mama, twende nyumbani."

Hapo Winifred karibu amsamehe yote, na mtumbwi pia. Mukasine aliinuka, akamshika mwanawe mkono, akatembea bila ukuta hadi barabarani huku akiwaaga majirani kwa kichwa.

Mutabazi alifungua mlango wa gari, akaganda.

Viti vya nyuma vilikuwa vimelazwa vyote. Cha mbele, cha abiria, kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho na mgongo wake umekunjwa, ili kitu kirefu kiingie. Sakafuni palikuwa na kamba, na blanketi limetandikwa vizuri, pembe kwa pembe, kitu hicho kisije kikakwaruzika.

"Ni dakika moja tu, Mama," alisema, akaanza kuhangaika na kiti kilichonaswa na mkanda. "Naviinua. Dakika moja."

Mukasine aliutoa mkono wake.

"Ulijia nini, Mutabazi?"

Mutabazi aliendelea kuvuta mkanda. Twizeyimana, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akaona amsaidie.

"Mama, yeye alikuwa anauliza mashine."

Bibi alitikisa kichwa taratibu kukubali, akageuka, akatafuta ukuta kwa kiganja, akarudi alikotoka. Shallon alitaka kumshika, hakukubali. Winifred alipomfuata ndani alimkuta ameketi kitandani, fundo limefunguliwa, anazitoa nguo na kuzipanga upya juu ya godoro. Hakuwa analia. Winifred ndiye aliyelia.

Alijifuta, akatoka hadi kwenye gari. Mutabazi alikuwa amefanikiwa kuinua kiti kimoja.

"Sasa hivi vitu tunavifanyaje, Mama Kirezi?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Na mashine?"

"Chumba kiko wazi," Winifred alimwambia. "Ipakie, viti umeshailazia. Kaiweke humo, ulale nayo. Kirezi akitoka shule namleta hapa. Sisi tunakaa kwa mama."

Akamwacha amesimama na mkanda mkononi, akarudi ndani kumsaidia mama mkwe kukunja vitenge.