Kanda ya Kupamba ya Mejumaa

Ndugu yangu Kamaludin ana maoni juu ya kila kitu kinachotumia umeme. Angeishia kuyatoa barazani kwetu Kibokoni, hapa Mombasa, nisingekuwa na neno. Watu wangemsikiliza, wangepiga funda la kahawa, wangekwenda zao kuswali. Lakini mwaka ule wa tisini na nane ofisi anayofanyia kazi, ya kutoa mizigo bandarini, iliingizwa intaneti, na Kamaludin akagundua kwamba ndani ya kompyuta kuna ukumbi ambapo Wapwani walioko ng'ambo hukutana na kuandikiana. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Alijipa jina la Mzee wa Mitambo. Mzee! Hata mvi moja hana. Aliandika kwamba simu za mkononi ni vitu vya mawaziri na hazitafika Kibokoni kamwe, maana ni mtu gani mwenye akili zake atakayetaka kutembea na simu wakati nyumbani anayo? Aliandika kwamba kamera isiyotia filamu ni mchezo wa watoto. Kuhusu kompyuta zitakavyovurugika ukiingia mwaka elfu mbili aliandika mpaka wenye ukumbi wakamwomba apumzike. Mtu wa London akimpinga, humjibu kwa urefu wa hotuba ya Ijumaa. Na jibu likimsifu hulichapisha kwenye karatasi za ofisi, akaja kulisoma barazani baada ya Magharibi kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mimi huwa ndani, nyuma ya dirisha, namsikiliza na kucheka.

Kazi yangu mimi ni kupiga video harusi za wanawake. Ukimuuliza mtu yeyote Mji wa Kale atakuonyesha nyumba ya Mwanaesha wa kamera. Siku ya kupamba, bibi harusi huonyeshwa kwa wanawake peke yao. Buibui huvuliwa mlangoni, na ndani ni nywele zilizoshughulikiwa tangu asubuhi, dhahabu, mabega wazi, na mabibi wenye wajukuu wanaocheza kama wasichana. Mwanamume haingii. Mshika kamera ni lazima awe mwanamke, tena anayeaminika, na mimi naaminika. Nikimaliza sibakishi nakala kwangu. Kanda naitia mkononi mwa mama wa bibi harusi, na juu ya kasha naandika kwa wino mwekundu: WANAWAKE TU.

Basi Mejumaa aliolewa. Huyu ni binti wa majirani zetu, mpole, mwenye haya, na waliomwoa ni watu wa dini na msimamo mkali. Mama yake alifurahi lakini furaha yake ilikuwa na pengo, kwa sababu binti yake mkubwa, Mwanakhamis, yuko Toronto na hakuweza kuja. Karatasi zake za kukaa kule zilikuwa hazijatoka, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Tangu Mejumaa achumbiwe, dada yake alikuwa akipiga simu na kulia. Kwa hiyo Mama Mwanakhamis alinakili kanda yangu, kwa mashine mbili za video za nyumbani, akampa mwanamke aliyekuwa akisafiri. Ikafika. Mwanakhamis akaitia kwenye mashine yake, akaona mistari inayopanda na kushuka, na sauti za vigelegele. Hakuona sura hata moja.

Masikini Mwanakhamis akaenda kuuliza kwenye ule ukumbi wa kompyuta. Na nani alimjibu? Mzee wa Mitambo, kabla ya mwingine yeyote. Akaeleza kwamba televisheni za Marekani na Kanada zina mfumo wao na zetu zina wetu, na kwamba mfumo wao ni aibu ya karne. Hilo la kwanza ni kweli, la pili ni lake. Kisha akamaliza hivi: kanda igeuzwe hapa Mombasa, kuna duka la mafundi karibu na Barabara ya Digo, kazi ni ndogo, mashine hujifanyia yenyewe. Kwa kuwa ni mtu mwema, akapita pia kwa Mama Mwanakhamis akamwelekeza duka lenyewe.

Mimi sikuambiwa. Nilikutana na Mama Mwanakhamis Ijumaa, natoka sokoni na samaki wangu.

"Kamaludin Mungu ampe kheri," akaniambia. "Nshaipeleka ile kanda. Wanigeuzia leo hii hii."

"Umeipeleka wapi, mama?"

"Dukani kwa mafundi. Wallahi hakuna shida, mwanangu. Yafanywa na mashine."

Samaki nilimwachia yeye. Nilifika nyumbani, nikamkuta Kamaludin ametoka msikitini anakula wali, nikamwambia, "Ondoka."

"Kuna nini?"

"Kanda ya Mejumaa iko dukani kwa wanaume. Ewe mtu, umefanya nini?"

"Mashine ndiyo igeuzayo, Mwanaesha. Hakuna atazamaye. Ile ni sawa na kusaga nyama."

"Haya twende tukaone hiyo nyama."

Lile duka lilikuwa wazi kabisa, na televisheni imeelekezwa barabarani, maana ndivyo wafanyavyo ili kuvuta wateja. Wenye mikokoteni wawili walikuwa wamesimama nje na mizigo yao, wanatazama. Ndani alikuwa fundi mmoja tu, Joab, kijana wa bara niliyewahi kununua kwake betri za kamera, na mkono wake uko kwenye mashine. Na kwenye kioo niliona masinia ya halua.

Kazi yangu naijua. Mimi huanza na masinia, kisha maua, kisha kiti cha bibi harusi, halafu mlango. Na mlangoni ndipo shangazi zake Mejumaa wanapoingia wakitupa mabuibui yao huku wakipiga vigelegele. Masinia yakaisha, yakaja maua. Nilipita chini ya kaunta kwa magoti, nikasimama mbele ya televisheni nikakunjua buibui langu kama mtu anayeanika shuka.

"Zima!"

"Mama, mashine inarekodi! Ukinisimamisha tunaanza upya."

"Tuanze upya! Zima!"

Vigelegele vilikwisha kuanza mgongoni kwangu. Mmoja wa wenye mikokoteni aliuliza kama ni mpira. Kamaludin, mjuzi wetu wa mitambo, alihangaika na vitufe vya ile mashine, akaiongeza sauti, kisha akaukamata waya akaung'oa ukutani. Duka zima likanyamaza.

Nikamuuliza Joab kama ni kweli mashine hujifanyia yenyewe. Akasema inageuza yenyewe lakini rangi hazikai. Taa za harusini zikibadilika tu, watu kwenye picha wanakuwa kijani, na wa kurekebisha ni yeye, kwa hiyo hukaa akitazama mpaka kanda iishe.

Nilimgeukia ndugu yangu.

"Kwa nadharia..." akaanza.

"Nadharia hiyo kamweleze mkwewe Mejumaa."

Joab aliniomba nisigombane dukani. Alisema kasha alilisoma, ila alidhani ni mafunzo ya wanawake ya mapishi, kwa vile yanaanza na halua. Nikamweleza. Nilimwambia kuna msichana ameolewa majuzi, na wakwe zake wakisikia ameonyeshwa barabarani mbele ya wenye mikokoteni, maisha yake katika nyumba ile yataharibika kabla hayajaanza. Alijikuna kichwa. Mwanzo alikataa katakata mtu mwingine kuigusa mashine yake. Halafu akauliza, "Wewe unazijua rangi?"

"Nimepiga harusi za mji huu wote. Rangi ya uso wa mtu naijua."

Basi akanielekeza: kitufe hiki kwa wekundu, hiki kwa mwanga. Akatoka nje, akashusha mlango wa bati, akaketi kwenye kigoda na Kamaludin. Nilikuwa namuuliza Joab kwa sauti, naye ananijibu kupitia batini. Baina ya maswali yangu nilimsikia ndugu yangu akimweleza Joab kwamba simu za mkononi hazina mustakabali.

Ndani kulikuwa joto la kuokea mikate, lakini sitaisahau saa ile. Kazi zangu huwa sizitazami; naikabidhi kanda na kwenda kwenye harusi nyingine. Siku hiyo nilimwona Mejumaa akiingizwa, macho chini, hina mpaka viwikoni, na mama yake akiimba huku akigeuka kutazama mlangoni, akigeuka tena, kana kwamba kuna mtu anayechelewa. Nilijua anamtazamia nani. Niliona fahari kubwa kwamba mtu huyo atayaona haya yote, na kwamba nimeyalinda.

Kanda iliyogeuzwa ilisafiri kwenda Toronto ndani ya mkoba wa mwanamke, na kasha lake lina wino wangu mwekundu. Ile ya asili nilimrudishia Mama Mwanakhamis mwenyewe. Nikadhani yamekwisha.

Wiki chache baadaye Kamaludin aliingia nyumbani baada ya Magharibi, kifua mbele, karatasi mkononi.

"Sikiliza watu wanavyoshukuru," akasema. "Dunia nzima yasoma haya."

Akanisomea. Mwanakhamis ameandika pale ukumbini, kwa kila mtu, kwamba Mungu ambariki Mzee wa Mitambo, kanda imefika na rangi zake ni kama yuko Kibokoni. Kwamba alilia mpaka akaishiwa na machozi alipomwona mamake akiimba. Kwamba kwao chumba ni kimoja na televisheni ni ndogo, kwa hiyo walikwenda kuitazama kwa rafiki wa mume wake mwenye televisheni kubwa, wakakusanyika watu wa Mombasa wote walioko kule na familia zao, wakapika pilau. Na kwamba waume zao walishangilia zaidi yao, na mmoja alisema hajapata kuona bibi harusi mzuri kama Mejumaa.

Kamaludin alikuwa anatabasamu. Nilimtazama nikangoja yamwingie. Hayakumwingia.

"Hii umeisoma wapi kwengine?" nikamuuliza.

"Hapo barazani, sasa hivi."

"Yote?"

"Mbona nisisome yote? Yanisifu."

"Barazani kulikuwa na nani?"

Akawataja mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mkwewe Mejumaa, babake mumewe, ambaye huja mara moja moja tu na siku hiyo alikuwa amekuja. Nilimuuliza alisema nini.

"Aliondoka kabla sijamaliza." Kisha uso wake ukabadilika. "Mwanaesha," akasema. "Eh, Mwanaesha."

Ningempiga kwa ile karatasi. Nilikaa chini badala yake. Na Mwanakhamis nilishindwa kumchukia, nikijaribu namna gani. Nilimwona kule kwenye baridi, sebule si yake, amezungukwa na watu wachache wanaojua maana ya vigelegele vile. Angewaambia nani watoke nje kwenye theluji?

Asubuhi Mejumaa alikuja kwangu mwenyewe, na bibi harusi mpya hatoki toki hovyo, kwa hiyo nilijua jambo ni zito. Aliketi bila kuvua buibui. Akatoa kanda ya asili aliyoichukua kwa mamake.

"Baba mkwe hakunigombeza," akasema. "Alimwita mume wangu wakazungumza. Mume wangu naye hakunigombeza. Alisema tu kwamba wameona kanda iliyokwenda mbali hairudi, lakini iliyoko hapa isiwepo. Wataka kuiunguza. Nikawaambia nitaileta kwako uifute, kwa sababu sitaki kuiona ikiungua."

"Mejumaa, mimi nilijaribu..."

"Najua, dada. Mamangu alinihadithia ya dukani. Wewe ulisimama mbele ya televisheni."

Nilimuuliza kama anataka tuitazame kwanza, mimi na yeye, mlango nimeufunga. Yeye mwenyewe alikuwa hajaiona hata mara moja. Siku ile macho yake yalikuwa chini.

"Nikiitazama sitakupa," akasema.

Nikaitia kanda kwenye kamera. Kufuta kanda ni kurekodi juu yake, na mtu akitaka kusiwe na kitu hurekodi kifuniko kikiwa kwenye lenzi ya kamera. Nilikibana kifuniko, nikabonyeza, taa nyekundu ikawaka. Tulikaa tukiitazama taa ile. Kamaludin alikohoa nje mlangoni na sikumkaribisha.

Kanda ilipokuwa imekwenda kama nusu, Mejumaa alisema, "Mwambie kakako amwandikie dadangu."

"Amwandikie nini?"

"Asimwambie haya. Amwambie ile kanda yake aitunze vizuri, isipate maji. Siku nikimtembelea nitaitazama huko."