Hilaria Aliachia

Hilaria alikuwa binti wa wakulima wa Mogitu, mpana wa mabega, mzito wa maneno. Raya alikuwa binti wa mwenye duka la vitambaa pale Katesh mjini, mwepesi wa mwendo na wa ulimi. Kilichowakutanisha ni ghala la mahindi lililobaki tupu hapo Katesh, na mwalimu mmoja aitwaye Wolfgang, mwenyeji wa Mbulu aliyejifunza jiu-jitsu Nairobi alipokuwa mlinzi huko. Alirudi kutoka huko na mkanda wa zambarau na hamu ya kufundisha. Magodoro hayakuwepo. Walishona viroba, wakavijaza maganda ya mahindi, wakatandika turubai juu, na hapo wakawa wanaangushana, wanapigana kabali na kukunjana viungo kila jioni, upepo wa mlima Hanang ukipenya kwenye nyufa za mabati.

Sheria ya Wolfgang ilikuwa moja tu. "Mwenzako akigonga, achia. Papo hapo. Hatuvunji mikono ya watu tunaokula nao." Kugonga ndiko kushindwa kwenyewe. Unampiga mwenzako vikofi viwili vyepesi popote mkono wako unapofika, maana yake basi, yamenifika.

Hapakuwa na wasichana wengine wa uzito wao, kwa hiyo walishikana wao kwa wao. Hilaria akajua Raya anavuta pumzi namna gani kabla ya kushambulia, na goti gani linamsumbua wakati wa baridi. Mazoezi yakiisha walikwenda kwa mama yake Raya, Bi Chiku, wakanywa chai ya maziwa na maandazi. Bi Chiku alimwita Hilaria mwanangu, na hakuwa mtu wa kulitumia neno hilo ovyo.

Kisha klabu moja kubwa ya Arusha ikamwona Raya kwenye mashindano, ikamtaka. Raya aliaga kwa simu, akiwa tayari ndani ya basi.

"Ningekuambia mapema ungenizuia," alisema.

"Ningekuzuia kwa kamba?"

Raya akacheka, simu ikakatika, na hakupiga tena.

Mwaka uliofuata walikutana fainali, huko huko Arusha. Mshindi angechukuliwa kwenye timu ya kwenda kushindana Uarabuni, na huko makocha wa nje huchagua watu wa kuwalea. Wote wawili walilijua hilo. Walipeana mikono bila kutazamana.

Raya alianza kwa kasi, kama kawaida yake. Hilaria akasubiri. Aliijua ile pumzi. Ilipokuja akauteka mkono, akajitupa chali, akaubana katikati ya mapaja yake na kuanza kukinyoosha kiwiko. Raya akajigeuza kifudifudi kujiokoa. Mkono wake wa pili ukabaki chini ya tumbo lake, upande ambao mwamuzi haoni. Hilaria akainua nyonga kidogo. Hapo akavisikia vidole pajani. Kikofi kimoja, kisha cha pili. Raya amegonga.

Hilaria akaachia.

Hakufikiri. Mwili wake ulikuwa umefundishwa hivyo kwa miaka. Akaanza hata kuinuka, akitabasamu, na Raya akamrukia kifuani, akamlaza, akamkandamiza.

"Amegonga!" Hilaria alipiga kelele. "Mwamuzi, amegonga!"

"Endelea!" alisema mwamuzi.

Raya akabaki juu yake, pointi zikamwendea, mpaka muda ukaisha. Mwamuzi alipowauliza, Raya alimtazama machoni kwa utulivu kabisa.

"Sikugonga. Aliteleza."

Mkono ulioinuliwa ukawa wa Raya.

Njiani kurudi, Wolfgang alisema maneno machache. "Pole. Mimi sikuona. Lakini mchezo ndivyo ulivyo." Nyumbani Mogitu baba yake, Mzee Lukasi, alimkuta anapalilia maharage, akauliza kama ameshinda. "Nimeshindwa, baba," alijibu, maana hakujua namna ya kueleza lile jingine.

Wengine aliwaeleza. Pale ghalani walimsikiliza wakiangalia chini. Stendi ya bodaboda walimcheka wazi. "Mfa maji haachi kutapatapa," alisema mmoja, na neno hilo likamganda. Raya alikwenda Uarabuni, akashinda, akahamia huko, akapata mkanda wa kahawia, kisha mweusi. Picha zake zilipita kwenye simu za watu wa Katesh kama picha za bibi harusi. Ghala nalo likapata magodoro mapya ya buluu. Wafadhili, alisema Wolfgang. Hilaria akafundishia wasichana juu ya magodoro hayo, akaenda mashindano mengine, akapata medali ndogo ndogo, akaumia bega, akaacha kuitwa.

Bi Chiku alipofariki, Hilaria alijifunga kitenge, akatupia mtandio kichwani, akapanda bodaboda kwenda msibani. Raya alikuwa amefika, macho yamevimba. Aliinuka katikati ya wanawake, akamshika Hilaria mkono, akampeleka uani, kulikokuwa na masufuria.

"Mama aliniuliza kwa simu, kabla hajafa," alisema Raya. "Kama ni kweli unavyosema."

"Ukamjibuje?"

"Nilimdanganya." Akajifuta pua kwa kanga. "Niligonga, Hilaria. Sasa nimesema."

Miaka yote Hilaria alikuwa ametunga la kujibu siku hiyo ikifika. Badala yake akauliza:

"Kwa nini ulikana?"

"Kwa sababu uliachia. Mimi nisingeachia mpaka mwamuzi anivute. Nikasema moyoni, huyu hautaki ushindi kama ninavyoutaka mimi."

"Tulifundishwa kuachia."

"Na aliyetufundisha?" Raya alicheka kidogo, bila furaha. "Alikuwa amekaa upande ule ule wa mkono wangu. Macho yetu yalikutana. Muulize yale magodoro yalitoka klabu gani."

Wolfgang alikuwa amekaa nje na wanaume. Hilaria akamwita pembeni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Pole na msiba."

"Siku ile Arusha, ulimwona Raya akigonga?"

"Mwanangu, hapa ni msibani."

"Ulimwona?"

Wolfgang akatazama viatu vyake. Ndevu zake zilikuwa zimeanza mvi, na Hilaria hakuwa ameligundua hilo mpaka leo.

"Niliona," alisema. "Watu wa klabu yake walikuwa wameshaniahidi magodoro. Nikawaza wanafunzi wote wanaolala kwenye maganda. Nikakuweka wewe upande mmoja, wao upande mwingine."

"Nimeitwa mwongo mji mzima. Unapita unasikia."

"Nilidhani utasahau. Hata wewe umefundishia juu ya magodoro hayo, Hilaria. Yamekufaa pia."

Hilaria alitamani kumpiga. Mikono ilijua pa kushika. Lakini wanawake walikuwa wanaita watu wa kupakua chakula, akageuka, akaenda, akapakua pilau sahani baada ya sahani, akawapa waombolezaji, na ile ya Wolfgang pia. Raya alipita karibu yake mara mbili. Keshokutwa yake akaondoka kurudi Uarabuni, na hakuna mtu mwingine Katesh aliyemsikia akisema alichokisema uani.

Jumamosi Hilaria alibaki shambani mpaka jua likapinda. Mzee Lukasi akamuuliza kama leo haendi mazoezini. Akasema haendi. Baadaye kidogo akanawa miguu, akachukua begi, akateremka barabarani kusubiri bodaboda. Kuanzia Katesh mpaka Mbulu hapakuwa na ukumbi mwingine wa mchezo ule, na yeye hakuwa na mchezo mwingine. Wolfgang alikuwa mlangoni, akampisha. Hilaria alipita bila kumsalimia, kwa mara ya kwanza tangu amjue, akaingia ndani kubadilisha nguo.