Mkojo wa Baba Mkwe

Mzee Alute alifika kliniki Jumanne asubuhi, kikopo cha mkojo amekificha ndani ya koti, akakuta anayepokea vikopo ni Winfrida, mke wa mwanawe Nathan.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimepita tu kuwajulia hali wajukuu."

Akageuka na kikopo chake akarudi kijijini kwake, Mtinko. Wajukuu wenyewe walikuwa shuleni, na mzee alilijua hilo vizuri.

Winfrida hakucheka. Mwaka uliopita mzee alitolewa uvimbe wa saratani kwenye kibofu, na saratani hiyo ina tabia mbaya ya kurudi kimyakimya. Pale kliniki walikuwa na utafiti wa kupima protini fulani kwenye mkojo. Zikipanda, huenda uvimbe unaota tena, hata kabla mgonjwa hajaona damu. Lakini kikopo kilichorudi Mtinko hakipimwi.

Nathan alipompigia baba yake simu, alijibiwa kwa kifupi: kwa mila yao baba mkwe hali hata chakula mbele ya mke wa mwanawe, sembuse kumkabidhi mkojo. Basi Winfrida akabadilishana kazi ya kupokea vikopo na Simeoni, muuguzi mwenzake. Jumanne iliyofuata mzee alipoingia, yeye alijifungia stoo katikati ya maboksi ya glavu, akakaa humo mpaka kikohozi cha mzee kilipoishia getini. Aliona aibu, mtu mzima kujificha, lakini kikopo kilipatikana.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Protini zilikuwa zimepanda. Mzee alitakiwa kuja upesi achunguzwe kibofu kwa kamera, na simu yake haikupatikana.

"Msubiri Simeoni atoke likizo," Nathan alisema. "Baba ataona umemvunjia heshima."

"Simeoni anarudi mwezi ujao," Winfrida alijibu, huku anavaa viatu.

Mtinko alimkuta mzee ameketi sebuleni. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango, akamgeukia mama mkwe wake, Elina, aliyekuwa akipepeta mtama uani.

"Mama, mwambie baba kipimo kimeonyesha dalili. Si hakika kwamba ugonjwa umerudi, ila daktari anataka kumwangalia kwa kamera Jumanne."

Elina alirudia yote neno kwa neno, ingawa mumewe alikuwa hatua tatu tu na masikio yake mazima.

"Muulize," mzee alisema, "hiyo kamera inapita wapi."

Elina akauliza. Winfrida akajibu akiwa ameukazia macho mtama, na safari hii Elina alishindwa kurudia.

Mzee akainuka, akaja mwenyewe mpaka mlangoni.

"Mwanangu, ugonjwa umerudi?"

Winfrida aliogopa, na sauti yake ilionyesha. "Sijui, baba. Ila kama umerudi, tumeuwahi."

"Jumanne huyo Simeoni atakuwepo?"

"Yuko likizo, baba."

"Basi uwepo wewe."