Mashine Ikizama

Miaka ile ya Ujamaa, ungemwambia mtu wa Sumbawanga kwamba kuna kazi ya roboti ya kuzamia majini, angekushika kwanza paji la uso aone kama una homa. Kazi zilizojulikana zilikuwa ualimu, ukarani, uuguzi, upadri kwa waliojaliwa, na jembe kwa sisi wengine wote. Lakini kazi hiyo ilikuwepo kweli. Mradi mmoja wa kuchunguza Ziwa Tanganyika ulikuwa umeletewa mashine ya kushuka kule chini asikofika mzamiaji. Ilikuwa na taa na kamera, na mtu aliiongoza kwa waya mrefu akiwa amekaa botini, mkavu kabisa. Walitaka kijana mmoja wa Rukwa ajifunze ufundi wake, na Flavian wa Malangali, mwana wa Mama Silvana, akaitwa kwenye usaili.

Flavian alikuwa amemaliza kidato cha nne, akawa anashinda kwa Mzee Mbonile, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyehamishiwa huku na serikali kutengeneza pampu za maji. Ziwa lenyewe hakuwahi kuliona, ingawa ndilo lililomchukua baba yake angali mdogo. Aliitaka kazi ile mpaka chakula kikawa hakimpiti kooni. Mama yake hakumkataza. Afadhali angemkataza, kijana angejua la kubishana nalo. Mama Silvana akawa anakoleza moto tu, hata pasipohitaji kukolezwa.

Ilikuwa Juni, na Juni ya wakati ule ilikuwa baridi kweli, siyo hii ya sasa inayotubembeleza. Asubuhi moshi wa majikoni ulilala chini kama ng'ombe aliyeshiba. Uani kwa Mbonile palikuwa na pampu mbovu, na hiyo ndiyo iliyokuwa shule. Hapo Flavian alifundishwa jinsi maji yanavyopenya kwenye mpira uliochakaa, na jinsi ya kutafuta mahali waya ulipokatika kwa kutumia betri ya tochi na balbu yake. Mikono ya kijana ilikuwa myepesi, mzee akaridhika.

Shida ilikuwa adabu. Sisi Wafipa adabu tumeinyonya ziwani kwa mama. Mkubwa akikuuliza neno, unachuchumaa, unapiga makofi ya taratibu, unatazama chini, ndipo unajibu. Mbonile alimweleza kwamba bomani atapewa kiti na akikalie, amtazame msaili usoni, na aseme "Ndugu Mwenyekiti" kila baada ya maneno matatu. Flavian aliitikia, akachuchumaa, akapiga makofi.

Mzee akaona dawa ni moja tu, kijana afanye mazoezi mbele ya mtu anayemwogopa. Akamuuliza katika nyumba yao anamwogopa nani. Macho ya Flavian yalikimbilia upande wa jikoni kwa mama yake.

Basi Mama Silvana akafanywa mwenyekiti. Wallahi ungemwona ungecheka. Alivikwa koti la Mbonile, akawekwa kwenye kiti cha mgongo, na kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kukaa bure, alipakata ungo wa maharage akawa anayachambua. Maswali alifundishwa na Mbonile, akayashika yote kichwani kuliko mwanawe alivyoshika majibu. Alikuwa akiuliza habari za mpira na waya bila kuinua macho, vidole vinatoa mawe na mbegu mbovu, na Flavian akijibu amekaa kitini huku jasho linamtoka na baridi yote ile. Jirani walikuja kutazama. Hizo ndizo zilikuwa sinema zetu, na sijaona sinema tamu kama ile tangu siku hizo.

Siku moja Mbonile akaja na swali jipya, akaapa kwamba lazima litaulizwa. Mashine imenasa kwenye miamba, waya hauvutiki, utafanyaje? Na jibu lake alikuwa nalo: nitajitosa, Ndugu Mwenyekiti, maana ni mali ya umma. Flavian alilisema kwa kifua mbele, sauti kama ya redioni. Mbonile akashangilia. Mama Silvana akaweka ungo chini, akavua koti, akaingia jikoni, na mazoezi ya siku hiyo yakaishia hapo.

Kesho yake mama na mwana walikuwa wawili tu shambani wakikata ulezi. Mama alikata mpaka mwisho wa tuta, akanyoosha mgongo.

"Baba yako hakuuawa na boti," alisema. "Boti ilipopinduka karibu na Kasanga, wote walifika ufukweni, naye alifika. Akatazama mizigo, akaona cherehani yangu haipo. Akairudia."

Flavian alikuwa amekua akiambiwa ni upepo. Aliacha kukata, akasimama na kisu mkononi.

"Aliinunua Mpulungu," mama akaendelea. "Ni mimi niliyemwimbia cherehani, cherehani, usiku na mchana. Sasa na wewe unaniambia utajitosa."

Alilia Flavian, na mama yake akaendelea kukata ulezi, kwa kuwa yeye alikwisha kulia zamani. Tangu siku hiyo mwenyekiti hakufungua mazoezi ila kwa swali lake mwenyewe. Mashine ikizama, utaifuata? Na hakuendelea mbele mpaka kijana amejibu, "Hapana, mama. Siifuati." Akawa anamuuliza hata nje ya mazoezi, akipakua ugali, akimtwisha gunia, wakitoka kanisani. Jibu likamkaa mdomoni Flavian kama amina.

Mbonile aliliona hilo likamkosesha raha. Akamvuta kijana pembeni, akamwambia kwa upole kwamba nyumbani aseme ya mama yake, lakini bomani aseme lile la kujitosa. Ni maneno tu, bomani hakuna ziwa. Akimwambia mwenyekiti kwamba ataiacha mali ya umma majini, watamwona mvivu, tena mbinafsi, na kazi ataisikia kwa wenzake. Flavian akafikiri, akakubali. Hakuona kama ni kumsaliti mama, aliona ni kupita mlangoni tu.

Siku ilipofika, mke wa Mbonile, Mama Tusajigwe, alimpigia shati pasi ya mkaa, na koti lile lile la mwenyekiti akavalishwa yeye. Mama yake alimsindikiza mpaka barabarani. Akamuuliza swali. Kijana akajibu. Mama akarudi nyumbani bila kumtakia heri.

Bomani vijana walijaa kwenye benchi, wengine wametoka mpaka Laela na Namanyere. Kila aliyetoka ndani alinong'ona kuwa swali la mashine kunasa limeulizwa, na kila mmoja alikuwa amejitosa. Mmoja alijisifu amejitosa na viatu. Flavian akajua Mbonile hakubahatisha, akawa analirudia jibu lile moyoni: nitajitosa, Ndugu Mwenyekiti.

Ndani, mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyoomba. Mwenyekiti alikuwa bwana mnene mwenye upara na miwani. Maswali ya mpira na ya waya Flavian aliyajibu amekaa kitini, macho juu, na wasaili wakatazamana. Kisha mwenyekiti akavuta kisahani cha pini za karatasi, akaanza kuzichambua, zenye kutu huku, nzima huku, na bila kuinua macho akauliza, "Mashine imenasa chini, waya haurudi. Utaifuata?"

Flavian alikuwa kwenye kiti. Hata leo hajui alitokaje. Alijikuta amechuchumaa sakafuni, anapiga makofi ya taratibu, anatazama chini.

"Hapana, mama," alisema. "Siifuati."

Walicheka wale wasaili mpaka karani akajificha nyuma ya faili. Flavian alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na koti la watu. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Aliuliza kwa nini. Na Flavian, kwa kuwa alikwisha kuharibu, akasema yaliyokuwemo moyoni, kwamba mashine ile imetengenezwa ili mtu asishuke, sasa akishuka yeye, iliundwa ya nini? Nyingine itanunuliwa. Akaambiwa aende.

Alirudi nyumbani kichwa chini. Mbonile aliposikia alishika kiuno, akatembea uani mara kadhaa, akasema basi, ndiyo dunia. Mama Silvana aliinuka, akaenda bandani. Akachinja kuku. Jogoo mzima, siku ya kazi, na wakati akimnyonyoa aliimba, mwanamke ambaye hakuna aliyemsikia akiimba nje ya kanisa tangu awe mjane. Flavian akala kuku yule wa furaha ya mama yake, naye akampalia.

Juma halijaisha, tarishi wa bomani akaja na baiskeli. Akauliza ndipo hapa anapokaa yule aliyemwita Mwenyekiti mama. Akaambiwa ndipo. Akasema basi afungashe, gari la mradi linashuka ziwani. Wale waliojitosa wote wamerudishwa makwao. Mwenyekiti kasema hataki kupeleka maiti kwa mama wa mtu.

Mama Silvana alikaa kwenye kile kiti cha mgongo.

"Kumbe ni mimi niliyekupeleka," alisema. "Swali lile nililitunga ili wakukatae."

Flavian alikwenda. Mara ya kwanza kuliona ziwa alilichukia, baadaye akalizoea. Na mwaka wa tatu ikawa kweli, mashine ikanasa kwenye miamba karibu na Kipili. Walivuta waya mpaka jioni. Wenzake wakaanza kuvua mashati. Flavian, ambaye sasa ndiye aliyekuwa fundi, akachukua msumeno, akaukata waya, na boti ikarudi nyepesi.

Alipopata likizo alipanda mlima na lori la mahindi mpaka nyumbani. Alimkuta mama amekaa uani, naye mama akachambua maharage mbele yake, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ilikuwa kubwa kuliko cherehani?" aliuliza.

"Kubwa sana, mama."

"Na ukaiacha."

"Nikaiacha."

Mama Silvana akachukua jiwe moja kwenye ungo, akalitupa mbali. "Mjinga yule baba yako," alisema, na hapo ndipo alipolia. "Angeniachia ile cherehani humo majini, leo tungekuwa tunagombana hapa."